Mikseri ya sauti ikikwaruza, usikimbilie kubadilisha bodi

Tangu kiangazi kianze, mapokezi ya karakana yetu hapa Lubumbashi yamejaa mikseri na mashine za kurekodi kutoka makanisani, redio za mitaa na studio ndogo za mitaa ya Katuba, Kenya na Ruashi. Karibu kila moja inaletwa ikiwa imekwisha kuhukumiwa: «Bodi imekufa.» Tunaelewa hofu ya mtu mwenye ibada Jumapili au kipindi kesho asubuhi. Hata hivyo, nyingi ya bodi hizo, yaani mabamba yanayobeba saketi, ni nzima. Kilichochoka ni swichi, kiungio au umeme unaoingia.

Vumbi letu jekundu hupenya hadi ndani ya swichi na kukaa kwenye vipande vya metali vinavyogusana. Metali nayo hushika kutu nyembamba, sauti ya upande mmoja ikapotea. Ukibonyeza-bonyeza ikarudi, umeshapata jibu: saketi inafanya kazi, mguso ndio mchafu. Zima, chomoa waya, kisha pima swichi kwa multimita (kipimo cha umeme) ikiwa imefunga, yaani metali zake zikigusana. Inapaswa kusoma chini ya omu 1. Namba zikiruka-ruka, isafishe kwa dawa ya kontakti (ya kusafishia miguso ya umeme), ibonyeze mara nyingi, iache ikauke, upime tena. Vitufe vya mpira vyenye kaboni chini husoma omu nyingi zaidi hata vikiwa vizima, kwa hiyo linganisha kila kimoja na jirani yake.

Mafuta ya bawaba za mlango si dawa ya kontakti. Tumelisema hili sana, na bado vifaa vinatufikia vikichuruzika. Mafuta hayo huondoa grisi ya kiwandani kwenye vitelezi vya sauti, halafu hushika vumbi kuliko mwanzo.

Kabla ya kugusa bodi, jiulize: tatizo liko kwenye chaneli (njia ya sauti) moja au zote? Likiwa kwenye moja, tafuta ndani ya chaneli hiyo. Likiwa kwenye zote, anza na sehemu ya umeme. Mikseri nyingi hutumia volti 15 chanya na volti 15 hasi kwa saketi za sauti, na volti 48 kwa maikrofoni zinazohitaji umeme. Upande mmoja ukikosekana, mashine nzima inaharibu sauti, na mtu anabadilisha bodi bure.

Hitilafu inayokuja na kuondoka mara nyingi iko kwenye jeki, tundu la kuchomekea waya. Tazama kwa lenzi chini ya bodi: utaona duara jembamba jeusi likizunguka mguu wa jeki. Hapo risasi ya kulehemu imepasuka kwa kuvutwa na waya kila siku. Ondoa risasi ya zamani, weka mpya, na usikae na chuma cha moto zaidi ya sekunde chache, la sivyo njia ya shaba itabanduka, na hapo ndipo bodi inakufa kweli.

Fyuzi iliyokatika inakupa habari. Weka nyingine ya ampea zilezile. Ikikatika tena, acha hapo. Karatasi ya rangi ya fedha ya pakiti ya sigara ndani ya kishikio cha fyuzi ni moto unaongoja kuwaka. Na katika vifaa vingi vyenye sehemu ya umeme ya kisasa, volti 220 za ukutani hugeuka kuwa takriban volti 310 kwenye kapasita kubwa (kifaa kinachohifadhi umeme), ambazo zinaweza kubaki humo hata baada ya kuchomoa waya. Sehemu hiyo mwachie fundi aliyefunzwa. Kuitoa kapasita chaji kwa bisibisi ni marufuku kwetu, hata kwa wanagenzi.

Ukileta kifaa, kilete pamoja na waya na adapta yake. Kwenye fishi (fomu) ya mapokezi andika hitilafu ilianza lini, ni chaneli ipi, na kama kilikuwa kwenye jenereta. Saini sehemu zote mbili, ubaki na nakala, kwa maana bila nakala kifaa hakitoki. Kilichofunguliwa kabla kinapokelewa, ila bila dhamana yetu, na gharama ya uchunguzi inalipwa mapema na hairudishwi. Kama kuna spea imeng'olewa, ilete hata ikiwa imeungua: namba iliyoandikwa juu yake ndiyo itakayotuwezesha kutafuta nyingine.