Bima ya meno baada ya kustaafu serikalini Marekani: nani anastahili na nani hastahili

Tangu watumishi wengi wa serikali kuu ya Marekani walipoanza kuondoka kazini mwaka 2025, maswali kuhusu bima ya meno yameongezeka sana, yakiwemo ya wauguzi, wafanyakazi wa posta na askari wanaozungumza Kiswahili. Wengi wanauliza kwa nia njema, ila wanaanzia kwenye jambo walilosikia kwa wenzao.

Uvumi unaowaumiza zaidi ni kwamba usipolipia bima ya meno miaka 5 kabla ya kustaafu, umeikosa maisha yako yote. Si kweli. Sharti la miaka 5 ni la bima ya afya, FEHB. Mpango wa meno na macho, FEDVIP, uliotungiwa sheria mwaka 2004 na kuanza kazi mwishoni mwa 2006, hauna sharti hilo hata kidogo. Mtu anaweza kutumikia miaka 30 bila kujiunga, akastaafu, kisha akajiunga katika msimu wa uandikishaji unaofuata. Wala halazimiki kuwa na FEHB.

Kinachoangaliwa ni aina ya pensheni. Anayestahili ni yule ambaye pensheni yake inaanza mara tu anapoacha kazi, au anayestaafu kwa ulemavu. Hapo ndipo wengi wanapoteleza. Chukua muuguzi aliyeacha kazi akiwa na umri wa miaka 45 na utumishi wa miaka 12, akaiacha michango yake kwenye mfuko ili adai pensheni akifika 62. Pensheni atalipwa. Bima ya meno ya serikali hatapata, leo wala akifika huo umri wa 62. Mwenzake aliyefikia umri wa chini wa kustaafu, ambao ni miaka 57 kwa waliozaliwa 1970 na kuendelea, akiwa na utumishi wa miaka 10 au zaidi, anaweza kuahirisha pensheni ili isipunguzwe. Huyu bima yake inasimama kwa muda wa kuahirisha, na pensheni ikianza anaruhusiwa kujiunga upya. Wawili hawa hukutana, mmoja akamwambia mwenzake asiwe na wasiwasi, na ndivyo watu wanavyosaini barua ya kujiuzulu miezi michache kabla ya kufikia umri ambao ungewalinda. Ombeni ofisi ya utumishi iwajibu kwa maandishi mnaondoka kwa aina gani ya kustaafu, na mfanye hivyo kabla ya kusaini.

Mjane au mgane anayelipwa pensheni ya marehemu anastahili, hata kama marehemu hakuwahi kujiunga. Mtalaka anayepokea mgawo wa pensheni kwa amri ya mahakama hastahili. Wa posta wasichanganye mambo: tangu Januari 1, 2025 bima yao ya afya imehamia PSHB, mpango wa afya wa watu wa posta, lakini ya meno imebaki FEDVIP. Kwa wanajeshi wastaafu, mpango wao wa zamani wa meno ulifungwa Desemba 31, 2018, na hakuna aliyehamishiwa FEDVIP bila kujiandikisha mwenyewe.

Sasa utaratibu. Uandikishaji hufanyika kwenye tovuti ya BENEFEDS, si OPM, yaani ofisi ya serikali kuu inayosimamia utumishi na pensheni, wala ofisi ya mwajiri. Msimu huanza Novemba na kufungwa Desemba, na bima huanza Januari 1. Nje ya msimu, unajiunga tu kukitokea jambo linalotambuliwa, kama ndoa au kupoteza bima nyingine ya meno, kuanzia siku 31 kabla ya tukio hadi siku 60 baada yake. Kuanzia siku ya 61 ombi kwa kawaida halipokelewi, isipokuwa uthibitishe kwamba ulichelewa kwa sababu zilizo nje ya uwezo wako. Kwa mtumishi wa kiraia, kustaafu kwenyewe si miongoni mwa matukio hayo. Wala huwezi kujitoa katikati ya mwaka kwa sababu hujaugua jino.

Aliyekwisha kujiunga akiwa kazini huendelea na bima yake, lakini awaarifu BENEFEDS kwamba anastaafu. Serikali haichangii hata senti moja. Ukiwa kazini malipo hukatwa kabla ya kodi. Ukistaafu hutoka kwenye fedha iliyokwisha kutozwa kodi. OPM inapoendelea kushughulikia jalada lako hulipwa pensheni ya muda, na makato ya meno hayatoki humo. Ukiletewa ankara na BENEFEDS katika kipindi hicho, ilipe kwa wakati, usiseme "watakata wenyewe baadaye". Bima ikifutwa kwa kutolipa, unasubiri msimu ujao. Hakuna siku 31 za nyongeza za kuendelea na bima baada ya kukoma, na bima haigeuzwi kuwa ya binafsi.

Mtoto wa mtumishi wa kiraia kwa kawaida hukaa kwenye bima ya meno hadi anapotimiza miaka 22, akiwa hajaoa au kuolewa. Ule umri wa 26 ni wa bima ya afya. Kumtoa asiyestahili ni wajibu wako. Kudanganya kwa makusudi katika taarifa unazoipa serikali kuu ni jinai, na adhabu yake ni faini, kifungo cha hadi miaka 5, au vyote viwili.

Msitegemee Medicare ya kawaida, bima ya afya ya serikali hasa kwa wazee, kwa kusafisha, kuziba au meno ya bandia. Kwa sehemu kubwa hailipii. Penye FEHB inayogusa meno, hiyo hulipa kwanza na FEDVIP hufuata.

Kwa anayerudi kuishi Mombasa au Moshi, ipo mipango ya FEDVIP inayolipia matibabu ya nje ya Marekani. Badilisha anwani yako BENEFEDS kwanza, kwa kuwa kiwango cha malipo hutegemea unakoishi. Kwa kawaida utamlipa daktari wa meno kisha udai kurudishiwa, hivyo omba stakabadhi yenye jina la mgonjwa, tarehe, jino lililotibiwa na kazi iliyofanyika.