Ndege kongwe za kivita na marubani wake: yanayosemwa barazani na yaliyochunguzwa

Ndege kongwe ya kivita ikianguka kwenye maonyesho huko Ulaya au Marekani, siku hiyo hiyo video inafika kwenye simu zetu hapa Unguja, na hukumu inatoka papo hapo. Pale Jaws Corner, baraza ya Mji Mkongwe, nimezisikia mbili mara nyingi: rubani alikuwa tajiri aliyenunua ndege asiyoijua, au chuma kilikuwa kimeoza. Ripoti za uchunguzi zikitoka, mwaka mmoja au miwili baadaye, hakuna anayezisoma. Mimi nazisoma, na naona ni muhimu zisomwe, kwa sababu tunao vijana wanaosomea urubani, na tunao ndugu wengi Uingereza wanaopeleka watoto kwenye maonyesho hayo kila kiangazi.

"Alikuwa rubani wa jeshi, ndege ya kivita gani itamshinda?"

Hii ndiyo dhana iliyoenea zaidi, na ndiyo inayotakiwa kutazamwa kwa makini zaidi.

Tarehe 22 Agosti 2015, huko Shoreham, mji wa pwani kusini mwa Uingereza, ndege ya jeti aina ya Hawker Hunter, ya miaka ya 1950, ilishindwa kumaliza kitanzi cha angani, yaani kupanda, kujipindua na kushuka tena, ikaangukia barabara kuu ya A27. Watu 11 walikufa. Wote walikuwa barabarani au pembeni mwake. Hakuna aliyekuwa ndani ya uwanja wa maonyesho. Rubani alinusurika.

Hakuwa mwanagenzi. Alikuwa amerusha ndege za kivita katika jeshi la anga la Uingereza, kisha akawa rubani wa shirika kubwa la ndege. Alikuwa na zaidi ya saa 14,000 za kuruka. Lakini kwenye Hunter yenyewe alikuwa na saa 40 na kitu tu. Ripoti iliyotolewa Machi 2017 ilieleza kwamba alianza kitanzi kwa mwendo wa kilomita kama 575 kwa saa wakati kiwango chake mwenyewe kilikuwa karibu 650, na injini haikuwa ikitoa nguvu zake zote. Alipofika kileleni alikuwa kwenye futi 2,700 hivi badala ya 3,500. Kwa kimo kile, ukiipindua ndege kwenda chini, ardhi inakuwahi.

Na hapa pana jambo ambalo kila mwanafunzi wa urubani angefaa alijue. Wachunguzi walisema kwamba hata baada ya kufika kileleni na kimo hakitoshi, palikuwa na muda wa sekunde kama nne ambapo ndege ingeweza kuviringishwa na kutolewa kwenye kitanzi salama. Mbinu hiyo hakuwa amefundishwa kwenye Hunter. Waligusia pia uwezekano kwamba alikumbuka vipimo vya ndege nyingine aliyokuwa akiifanyia maonyesho, Jet Provost, ambayo hutaka mwendo mdogo zaidi. Rubani anayeruka aina mbili tatu za ndege kongwe kwa msimu mmoja yumo katika hatari hiyo: mkono unajua kazi, ila nambari zilizomo kichwani ni za ndege nyingine.

Mahakama ilimwachia huru mwaka 2019. Mwaka 2022 uchunguzi wa vifo uliamua kwamba watu wale 11 waliuawa isivyo halali. Maamuzi hayo mawili yanajibu maswali tofauti ya sheria, kwa hiyo anayelitumia moja kulifuta jingine anakosea.

"Mwenye saa nyingi hakosei"

Tarehe 2 Oktoba 2019, ndege ya kudondosha mabomu ya Vita vya Pili, B-17 iliyoitwa Nine-O-Nine, iliruka kutoka uwanja wa Bradley, jimbo la Connecticut, ikiwa na watu 13. Injini ilianza kusumbua, rubani akaizima moja, akageuka kurudi, na ndege ikaanguka wakati wa kutua. Walikufa saba, marubani wote wawili wakiwemo. Rubani mkuu alikuwa na umri wa miaka 75 na saa zaidi ya 7,000 kwenye B-17 peke yake. Duniani ni wachache mno waliopata kuijua ndege hiyo kama yeye.

Hata hivyo bodi ya uchunguzi ya Marekani iliweka sababu kwenye namna alivyosimamia ndege baada ya kuzima injini: magurudumu yalishushwa mapema, hewa ikaizuia ndege, mwendo ukapotea. Na injini zenyewe hazikuwa zimetunzwa inavyopasa. Msimamizi wa matengenezo alikuwa ni yeye yule rubani. Linaloniuma katika kisa hiki ni hilo la mwisho. Mtu anayeheshimika kiasi hicho, nani angemwambia ndege yako leo hairuki?

Saa nyingi huonyesha mtu alikopita. Hazionyeshi mwezi uliopita alifanya nini, wala lini mara ya mwisho alizoea kutua injini moja ikiwa imekufa. Kanuni za kimataifa hutaka rubani anayebeba abiria awe ameruka na kutua mara tatu ndani ya siku 90. Hicho ni kiwango cha chini kabisa, na kwa ndege yenye injini nne za miaka ya 1940 ni kidogo sana.

"Leseni ni leseni"

Sivyo, na wala si kweli kwamba mwenye fedha hununua tu na kuruka. Sheria zipo, ila zina mianya. Marekani, ndege isiyo ya jeti na isiyozidi uzito wa kilo 5,670 kwa kawaida haidai kibali maalumu cha aina yake. P-51 Mustang, ndege ya kivita ya Vita vya Pili, inaangukia humo. Rubani anahitaji uthibitisho wa mwalimu kwa ndege yenye gurudumu la mkiani, na kwa injini yenye nguvu kubwa. Mara nyingi kampuni ya bima ndiyo inayodai mafunzo zaidi kuliko sheria.

Tuilinganishe na ndege tunayoijua. Grand Caravan, zile zinazotupeleka Pemba, aina yake ya kawaida ina injini ya nguvu za farasi 675. Mustang ina uzito unaokaribiana nayo, tani kama nne, lakini injini yake hutoa karibu 1,500. Rubani akitaka kutua, akaghairi, akasukuma nguvu zote ghafla mwendo ukiwa mdogo, msokoto wa rafadha unaweza kuilaza ndege ubavu wa kushoto mpaka usukani ushindwe kuirudisha. Chini nako, uzito uko nyuma ya magurudumu makubwa, kwa hiyo mkia ukianza kukimbia pembeni huzidi kukimbia. Pua imeinuka, huoni mbele. Mpe nahodha wa boti iendayo kasi ya Dar ngalawa ya Nungwi wakati wa kusi; bahari anaijua, lakini tanga litamfundisha adabu.

Kuhusu uchakavu wa chuma, upo, lakini mara nyingi una mtu nyuma yake. Mustang ya mashindano iliyoanguka Reno, Marekani, mwezi Septemba 2011, ikaua rubani na watazamaji 10, ilikuwa na nati zilizochakaa zilizolegeza kibawa kidogo cha kusawazishia mkia. Ilikuwa pia imebadilishwa umbo bila kujaribiwa ipasavyo. Umri peke yake hauilegezi nati inayokaguliwa.

"Rubani ndiye mwenye kosa, na roho yake ndiyo anayoichezea"

Dallas, Marekani, tarehe 12 Novemba 2022: P-63 Kingcobra, ndege ndogo ya kivita, iliigonga B-17 angani mbele ya watazamaji, wakafa sita. Uchunguzi haukuishia kwa marubani. Ulisema hapakuwa na mpango wa kutosha, uliokubaliwa kabla, wa kuzitenganisha ndege. Msimamizi wa maonyesho alikuwa akizipanga kwa redio zikiwa tayari hewani, na marubani wakitegemewa kuonana kwa macho.

Uswisi nako, tarehe 4 Agosti 2018, Junkers Ju 52 iliyowahi kuwa ya jeshi ilianguka karibu na mlima Piz Segnas na kuua wote 20 waliokuwemo. Kati yao 17 walikuwa abiria waliolipa nauli kufurahia milima. Marubani wawili, wenye miaka 62 na 63, walikuwa wametumikia jeshi la anga na mashirika ya ndege. Waliingia bonde la mlima chini mno na polepole mno, bila njia ya kutokea. Ripoti ilisema walikuwa wamezoea kukiuka kanuni za usalama, na mamlaka iliyopaswa kuwasimamia haikuwa imelikomesha hilo.

Baada ya Shoreham, Uingereza ilizizuia jeti kongwe za kivita kufanya sarakasi juu ya nchi kavu; zilibakishiwa kupita tu. Kwa ndugu zetu walioko huko: ukitaka kumpandisha mtoto kwenye ndege ya aina hii, muulize rubani ana saa ngapi kwenye ndege hiyo hiyo, aliirusha lini mara ya mwisho, na nani mwingine, asiyekuwa yeye, aliyesaini kwamba inafaa kuruka. Anayekereka kuulizwa, usimpe nauli yako.