Onyo la "muunganisho si salama": yanayosemwa na yaliyo kweli

Kivinjari kinapokataa kufungua tovuti na kuandika kwa herufi kubwa kwamba muunganisho wako si wa faragha, wengi husoma mstari wa juu tu, kisha wakaingiwa na hofu au wakabonyeza palipoandikwa endelea. Mstari wenye faida uko chini. Ni ule msimbo wa herufi ndogo unaoanza na NET::ERR_CERT kwenye Chrome na Edge, au SEC_ERROR, SSL_ERROR na MOZILLA_PKIX kwenye Firefox. Huo ndio unaokuelekeza kama kosa liko kwenye kifaa chako, kwenye mtandao unaopitia, au kwenye tovuti yenyewe. Mafundi wengi huuruka, na hapo ndipo dawa moja inapogawiwa kwa magonjwa matatu.

"Simu imeingia virusi"

Onyo hili halipimi virusi. Kabla kivinjari na seva, yaani kompyuta inayotoa tovuti, hazijaanza kuzungumza kwa siri, seva hutoa cheti, na kivinjari hukikagua kama askari wa getini anavyokagua kitambulisho: jina ni la huyu aliyesimama hapa? Muda wake haujapita? Aliyekitoa anatambulika?

Jibu la swali mojawapo likiwa hapana, msimbo unakutajia ni lipi. COMMON_NAME_INVALID, au BAD_CERT_DOMAIN kwenye Firefox, maana yake cheti ni cha jina jingine. DATE_INVALID au EXPIRED_CERTIFICATE ni habari ya tarehe. AUTHORITY_INVALID au UNKNOWN_ISSUER ni kwamba mtoaji hatambuliki, au mnyororo wa kumfikia umekatika.

Mara nyingine chanzo ni programu ya kuzuia virusi yenyewe. Baadhi yake hufungua mawasiliano yako ili ziyachunguze, kisha huyafunga upya kwa cheti chao. Firefox isipokuwa na cheti hicho kwenye orodha yake, kila tovuti italeta onyo. Fungua maelezo ya cheti utazame jina la mtoaji. Ukikuta jina la programu hiyo badala ya mamlaka ya vyeti, yaani taasisi inayoaminiwa kuvitoa, ingia kwenye mipangilio yake uzime uchunguzi wa HTTPS (mawasiliano ya tovuti yaliyofungwa kwa siri) peke yake. Ulinzi uliobaki uache kama ulivyo.

"Futa historia na kuki, itakaa sawa"

Ushauri huu unasikika kila mahali. Hasara yake ni kwamba unakutoa kwenye akaunti zako zote bila kugusa tatizo, kwa sababu kuki hazihusiki na ukaguzi wa cheti. Ukiona DATE_INVALID kwenye tovuti nyingi kwa mpigo, tazama kwanza saa ya kifaa.

Kila cheti kina tarehe mbili, ya kuanza na ya kuisha. Kompyuta inayodhani bado tuko Januari 2015 itaona vyeti vyote vya leo havijaanza kazi. Kwenye kompyuta za mezani za zamani sababu huwa ni betri ya ubao mama, ile ya duara kama sarafu iliyoandikwa CR2032, ya volti 3. Ikiisha, saa hurudi nyuma kila umeme ukikatika, na onyo litarudi kila asubuhi hata urekebishe tarehe mara kumi. Zima mashine, chomoa waya wa umeme, sukuma kile kilimi cha pembeni hadi betri iinuke, kisha weka mpya, upande wenye alama ya kujumlisha ukitazama juu. Washa, weka tarehe, halafu ruhusu saa ijipange yenyewe kupitia mtandao.

Kuna kosa jingine gumu kuliona. Saa ya kwenye skrini inaweza kulingana kabisa na ya ukutani na bado ikawa na makosa, kwa kuwa tarehe za vyeti huhesabiwa kwa saa ya dunia, yaani UTC. Chukua kompyuta iliyoko Mombasa au Dodoma ambayo imeachwa kwenye ukanda wa saa wa Pasifiki wa Marekani. Mtu akaona saa haiendani, akaisogeza kwa mkono hadi ikalingana na ya hapa. Machoni iko sawa, ila kwa UTC iko mbele kwa saa 10 au 11. Chagua kwanza ukanda wa UTC+3, Nairobi, ndipo urekebishe saa.

Na anayeweka saa kwa mkono akumbuke kwamba kompyuta haihesabu kwa saa ya Kiswahili. Saa mbili asubuhi kwake ni 08:00. Ukiandika 02:00 umeirudisha nyuma saa sita nzima, na tovuti iliyopata cheti kipya alfajiri hiyo itakataliwa kwa kuwa cheti chake "bado hakijaanza".

Saa ikiwa sahihi na tovuti moja tu ndiyo inayolalamikiwa kwa tarehe, basi cheti chake kimekwisha kweli, na hakuna utakalofanya kwenye simu yako likakiponya. Piga picha skrini, msimbo na anwani vionekane, umtumie mwenye tovuti.

"Wifi ya hoteli ni mbovu, kila kitu hakifunguki"

Mara nyingi wifi ni nzima, inangoja tu uingie kwenye ukurasa wake wa kuandika namba ya chumba au kukubali masharti. Wewe umefungua tovuti ya HTTPS, kifaa cha hoteli kikajibu badala yake, na kivinjari kikaona jina silo. Andika http://neverssl.com kwenye sehemu ya anwani. Tovuti hiyo imewekwa makusudi bila usimbaji fiche, yaani bila kufunga mawasiliano kwa siri, hivyo ukurasa wa kuingilia hujitokeza bila kizuizi.

Kipimo kizuri kwa mtandao wowote unaoushuku: zima wifi, fungua tovuti ileile kwa data ya simu. Ikifunguka, simu yako na tovuti havina kosa, tatizo liko kwenye wifi. Firefox ikiandika MOZILLA_PKIX_ERROR_MITM_DETECTED, imegundua kitu kilichokaa katikati yenu na kinafungua mawasiliano. Kazini huenda ni utaratibu wa ofisi, na wa kuulizwa ni mtu wa TEHAMA. Ukiwa mahali pa wazi, toka kwenye mtandao huo.

"Kwenye kompyuta inafunguka, basi simu ndiyo mbovu"

Hapa ndipo watu hununua simu mpya bure, kwa hiyo tukae hapa kidogo.

Seva inapaswa kutuma vyeti viwili au zaidi: chake, na cheti cha kati kinachokiunganisha na cheti mzizi kilichomo ndani ya kifaa chako. Msimamizi akisahau cha kati, Chrome ya kwenye Windows hukitafuta yenyewe kwa kufuata anwani iliyoandikwa ndani ya cheti, na Firefox huwa imeshahifadhi vyeti vingi vya aina hiyo. Programu nyingi za Android, pamoja na zana kama curl, ya kuvuta kurasa kwa amri, hazitafuti. Mwenye tovuti anaifungua kwenye kompyuta yake, anaiona nzima, naye anawaambia wateja simu zao ni mbovu. Anayetaka uhakika aandike hivi kwenye kompyuta yenye openssl, zana ya kukagua vyeti:

openssl s_client -connect mfano.co.tz:443 -servername mfano.co.tz

Mwishoni mwa majibu, "Verify return code: 0" ni salama. Ikija 21, mnyororo umekatika. Kwa wanaotumia Certbot, programu ya kuomba na kuhuisha vyeti, na Nginx, programu ya seva inayotoa kurasa za tovuti, kosa karibu daima ni mstari wa ssl_certificate kuelekezwa kwenye cert.pem, ilhali unatakiwa kuelekezwa kwenye fullchain.pem, faili lenye vyeti vyote kwa mpangilio.

Lakini kuna simu ambazo kweli zimepitwa. Android za chini ya toleo la 7.1.1 hazina ndani ya mfumo wao cheti mzizi cha ISRG Root X1, kinachotumiwa na Let's Encrypt, mamlaka inayotoa vyeti bure. Kwa miaka kadhaa zilivushwa kwa sahihi ya mamlaka nyingine ya zamani, na daraja hilo lilifungwa tarehe 30 Septemba 2024. Mwenye simu kama hiyo ajaribu Firefox katika toleo la mwisho linalokubali simu yake, kwa sababu Firefox hubeba orodha yake ya mamlaka bila kutegemea ya simu. Kwa kusoma habari inafaa. Mambo ya benki tusingeyaweka kwenye simu isiyopata tena masasisho ya usalama.

"Bonyeza endelea, hakuna kitu"

Mwaka 2011 wadukuzi waliingia kwenye mamlaka ya vyeti ya Uholanzi iliyoitwa DigiNotar, wakajitengenezea mamia ya vyeti bandia, kimojawapo cha Google. Kikatumika kuwasikiliza watu nchini Iran waliodhani wako kwenye Gmail. Mwezi Agosti, mtumiaji mmoja wa huko aliona onyo kwenye Chrome. Hakulipita, aliuliza hadharani maana yake, na ndivyo dunia ilivyojua. Vivinjari vikaifuta DigiNotar kwenye orodha zao, na Septemba mwaka huohuo ikafilisika.

Ukibonyeza endelea, usimbaji fiche haupotei. Kinachopotea ni uhakika wa nani aliye upande wa pili, na nenosiri lako litamfikia yeyote aliyeko hapo, likiwa limefungwa vizuri kwa ajili yake. Pale unapoweza kuendelea kwa amani ni kwenye ukurasa wa ruta yako mwenyewe nyumbani, kwa mfano 192.168.1.1, kwa sababu ruta hujiandikia cheti yenyewe na hakuna mamlaka inayokithibitisha. Tovuti nyingine hazikupi hata kitufe cha kuendelea. Zilishakiagiza kivinjari kisizifungue kamwe bila cheti halali, kwa hiyo usihangaike kutafuta njia ya kupenya.

"Kufuli lipo, basi tovuti ni ya kweli"

Kufuli linasema tu kwamba unazungumza kwa siri na mwenye jina hilo la tovuti. Tapeli anayesajili jina linalofanana na la benki yako anapata cheti bure kwa dakika chache, nacho ni halali kabisa. Google iliona watu wanavyopotoshwa na alama hiyo, na Septemba 2023 ikaiondoa kwenye Chrome toleo la 117. Soma jina lenyewe, hasa sehemu iliyo mara tu kabla ya mkwaju (/) wa kwanza unaofuata jina.

Vivyo hivyo, dirisha la faragha halibadilishi chochote kwenye ukaguzi wa cheti. Faida yake ni kuficha historia kwa wanaoshiriki kifaa nawe.

"Nimeshalipia cheti, yaliyobaki si yangu"

Muda wa vyeti unazidi kufupishwa. Tangu Septemba 2020 ukomo ulikuwa siku 398. Kwa vinavyotolewa kuanzia 15 Machi 2026 ni siku 200, kuanzia Machi 2027 ni siku 100, na kuanzia Machi 2029 ni siku 47. Anayeweka cheti kwa mkono mara moja kwa mwaka atachoka, na wateja wake watakutana na onyo. Ni bora kazi hiyo ifanywe na programu.

Jaribu kwa sudo certbot renew --dry-run. Ikishindwa, angalia kama mlango (port) wa 80 umefungwa kwenye ngome (firewall) ya seva, kwa kuwa njia ya uhakiki inayotumika zaidi hupitia hapo. Hakikisha cheti kinataja mfano.co.tz na www.mfano.co.tz. Hata kile cha nyota, *.mfano.co.tz, hakigusi jina tupu lisilo na kitu mbele.

Likitokea jambo la cheti kipya kuwepo kwenye diski huku wageni wakiendelea kuona cha zamani, Nginx haijakisoma. Endesha sudo nginx -t, kisha sudo systemctl reload nginx, na uongeze --deploy-hook "systemctl reload nginx" kwenye Certbot ili safari ijayo isingoje mtu akumbuke.