Je, wajua kwa nini amri ya jenerali hukwama kwenye geti la chuo cha kiraia?

Monduli, takribani kilomita 40 kutoka Arusha mjini, kuna Chuo cha Mafunzo ya Kijeshi, TMA. Mkuu wa Chuo hicho ni jenerali. Akiamuru, walimu na wanafunzi wanatii, maana wote wamo jeshini. Lakini nenda Chuo Kikuu cha Ushirika, Moshi. Pale Makamu Mkuu wa Chuo, ambaye ndiye mtendaji wa kila siku, akitaka kubadili mtaala lazima jambo lianzie idarani, lipande hadi seneti, yaani baraza la chuo linaloamua mambo ya taaluma, na huko profesa yeyote anaweza kusimama akampinga waziwazi bila kuvunja sheria yoyote.

Basi mwanajeshi anapopewa chuo cha aina hii ya pili, inakuwaje? Marekani wamelijaribu sana jambo hili, na kwangu mfano ulio bora ni Joshua Chamberlain.

Huyu alianza kama mwalimu. Alifundisha balagha, yaani sanaa ya ufasaha wa kusema na kuandika, na lugha za Ulaya katika chuo cha Bowdoin, jimbo la Maine. Mwaka 1862, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiendelea, chuo kilimpa likizo akasome Ulaya. Yeye akaenda kujiunga na jeshi. Julai 1863 alishikilia kilima kimoja huko Gettysburg, jimbo la Pennsylvania, na kikosi chake kilichokuwa kikiishiwa risasi, hadi akaamuru washambulie kwa singe. Mwaka uliofuata alijeruhiwa vibaya sana huko Petersburg, jimbo la Virginia, akapandishwa cheo palepale kwa kuwa wakubwa wake walidhani hatapona. Alipona. Akawa gavana wa Maine kwa vipindi vinne vya mwaka mmoja mmoja, na mwaka 1871 Bowdoin wakamfanya rais wa chuo, cheo ambacho kwetu ni sawa na Makamu Mkuu wa Chuo.

Alileta masomo ya sayansi na uhandisi, jambo lililowaudhi wazee wa chuo. Akaleta pia kwata ya lazima, wanafunzi wakijinunulia sare wenyewe. Waliandika malalamiko, hayakusikilizwa. Mei 1874 wakagoma. Chamberlain akawarudisha nyumbani na kuwaandikia wazazi: kijana atii ndani ya siku 10, la sivyo afukuzwe. Karibu wote walirudi, isipokuwa watatu.

Ukiitazama kijeshi, huo ni ushindi. Kwa chuo haukuwa ushindi hata kidogo, kwani kwata ilifanywa hiari, ikafifia, ikafa. Mwanafunzi hajala kiapo. Amekuja kusoma, na siku yoyote anaweza kuhama. Hata hivyo Chamberlain alidumu hadi 1883, na naamini kilichomweka ni kwamba walimu walimjua tangu zamani kuwa mwenzao.

Jenerali mwingine wa Marekani, Dwight Eisenhower, hakuwa na akiba hiyo. Aliingia Chuo Kikuu cha Columbia, New York, mwaka 1948, akiwa na jina kubwa kutoka vita vya pili vya dunia. Jina kama hilo ndilo mabaraza ya vyuo hulitafuta: huvuta wafadhili na kutuliza chuo kilichoyumba. Maprofesa wengi walimwona yuko mbali nao. Mwanzoni mwa 1951 alikwenda Ulaya kuongoza majeshi ya NATO, muungano wa kijeshi wa nchi za Magharibi, huku cheo cha Columbia akiendelea nacho hadi alipoingia Ikulu ya Marekani kama rais Januari 1953.

Kwetu njia hizi mbili, ya amri na ya taaluma, zimeanza kukutana Monduli kwenyewe. TMA inashirikiana na Chuo cha Uhasibu Arusha kutoa shahada ya sayansi ya kijeshi. Afisa mwanafunzi anaamshwa kwa amri na anakwenda uwanjani kwa amri, lakini shahada yake haipatikani kwa amri ya jenerali yeyote: inabidi afaulu mitihani kama mwanafunzi mwingine wa Njiro, kilipo Chuo cha Uhasibu.