Dodoma sio jangwa jamani, tusiwafundishe watoto hivo

Kila mwaka nikianza mada ya hali ya hewa na uoto huwa nauliza darasa, Dodoma ni nini? Wanajibu kwa pamoja: JANGWA. Na ni watoto wa Bahi na Chamwino hao, wamezaliwa hapahapa.

Ukweli ni kwamba jangwa kwa kawaida linapata mvua chini ya milimita 250 kwa mwaka, sisi tunapata kama 550 hadi 600, na nikiwaambia London inapata karibu hizohizo wanabisha mpaka kengele inalia. Tofauti ni kwamba kule inanyesha kidogokidogo mwaka mzima na kuna ubaridi, kwetu inashuka yote kati ya Desemba na Aprili alafu jua linapiga miezi saba, kwahiyo mti wa huku usiojua kubana maji haufiki mbali. Ndo maana mgunga una vijani vidogovidogo, na mbuyu unaweka maji kwenye shina na kupukutisha majani.

Hapo ndo inakuja dhana nyingine, eti kiangazi miti imekufa. Hii haihitaji maneno mengi, Septemba natoka nao nje, kila mtu akwangue kijitawi kwa ukucha aone kijani chini ya gome.

Inayoniuma zaidi ni hii ya kusema Dodoma ni kame kwa sababu babu zetu walikata miti. Hapana! Upepo wa kusini mashariki unatoka Bahari ya Hindi na unyevu wake, unapanda milima ya Uluguru, Ukaguru na Rubeho, unamwaga mvua upande ule wa Morogoro, ukishuka kwetu umeshakauka. Kwahiyo kule kuna misitu minene, huku vichaka na migunga, na mtama na uwele vinavumilia kuliko mahindi. Kukata miti kunaleta balaa lake, udongo unaondoka, makorongo yanachimbika. Kondoa iliharibika hivo mpaka mradi wa HADO (Hifadhi Ardhi Dodoma) ukaanza 1973, na 1979 mifugo ikaondolewa kwenye eneo lililoliwa na mmomonyoko, wafugaji waliumia kweli na hilo nalisema darasani, ila uoto ulirudi na hali ya hewa ni ileile ya ukame.

Dhana ya mwisho, eti panda mti wowote utaota tu. Miche mingi inakufa kiangazi cha kwanza kwa sababu mizizi haijafika chini, wakati shambani kuna visiki ambavyo mizizi yake iko chini tayari. Hiyo ndo kisiki hai, yaani kulea machipukizi ya kisiki badala ya kupanda mche, na safari hii nimewapa kazi, kila mtu achague kisiki kimoja kwao, aache machipukizi mawili matatu yaliyonyooka, mengine apogoe, awaombe wazazi wasipaguse, kila mwisho wa mwezi apime urefu alete namba tuchore grafu.