Kwa nini mtunzi wa Adventure alificha jina lake nyuma ya ukuta?

Adventure ni gemu ya video ya kampuni ya Atari ya Marekani, iliyotoka mwanzoni mwa miaka ya 1980. Humo ndani wewe mchezaji ni kiboksi tu, kimraba kisicho na kichwa wala miguu. Unatafuta kikombe cha thamani ukirudishe kwenye kasri la dhahabu, huku majoka matatu yakikukimbiza (tuseme ukweli, yanafanana zaidi na mabata) na popo mwizi akikupokonya vitu njiani. Ukishinda, umeshinda, unazima mashine.

Ila ndani ya vichochoro vya kasri jeusi kulikuwa na kitone kimoja cha kijivu, rangi ileile ya sehemu kilipolala, kwa hiyo hakionekani. Hukifikii bila kutumia daraja. Ukikipata, ukakipeleka pamoja na vitu vingine kwenye korido iliyo chini ya kasri la dhahabu, ukuta wa kulia unaanza kupepesa. Ukiusukuma, unapita. Upande wa pili ni chumba kitupu chenye maandishi yanayobadilika rangi: imetengenezwa na Warren Robinett.

Kwa nini mtu ahangaike hivyo kuandika jina kwenye kazi yake mwenyewe?

Kwanza tuone kazi yenyewe ilikuwaje. Mashine ya Atari, ile iliyokuja kuitwa 2600, iliingia madukani Marekani mwaka 1977. Gemu ilikuwa kazi ya mtu mmoja: anabuni wazo, anachora, anatunga milio, anaandika programu, anaijaribu. Kaseti ya Adventure ilikuwa na nafasi ya baiti 4,096. Makala hii unayoisoma, kila herufi ikihesabiwa baiti moja, haiingii humo. Kumbukumbu ya kufanyia kazi, yaani mahali pa kushikia joka liko wapi na funguo kaishika nani, ilikuwa baiti 128, pungufu ya SMS moja.

Kilichowatoa jasho zaidi ni picha. TV za Marekani za wakati ule zilichora kwa mwale uliopita mstari mmoja mmoja, kutoka juu hadi chini, mara 60 kwa sekunde. Kompyuta za leo huihifadhi picha nzima kwenye kumbukumbu kabla ya kuionyesha. Baiti 128 zitahifadhi picha gani? Kwa hiyo programu ililazimika kukimbizana na mwale: kabla haujafika kwenye mstari, iwe tayari imeshaiambia chipu ya picha nini cha kuweka hapo. Kila mstari prosesa, yaani ubongo wa mashine, ilipata mapigo 76 tu ya saa yake ya ndani, na hata amri nyepesi kabisa hula mapigo mawili. Ukichelewa, picha inaharibika. Kuhesabu pointi, kusogeza majoka, kuangalia nani kamgusa nani, hayo yote yalisubiri zile nafasi fupi ambazo mwale uko nje ya picha, kabla haujaanza kuchora upya kutoka juu.

Tena chipu hiyo ilikuwa na uwezo wa kushika maumbo mawili tu ya kuchora kwa wakati mmoja. Chumbani vikijaa vitu zaidi, Adventure ilivionyesha kwa zamu, ndiyo maana vikapepesa. Sasa rudi kwenye ule ukuta: siri ya Robinett inadai uje na vitu vingine pamoja na kitone, kwa sababu bila msongamano hakuna kupepesa. Udhaifu wa mashine kaugeuza kuwa ufunguo. Kwangu mimi huo ndio ufundi hasa, kuliko hata majoka.

Bosi wake, kwa simulizi ya Robinett, alimwambia mapema kwamba gemu ya namna hiyo haitawezekana kwenye mashine ile, aachane nayo. Akaendelea nayo hivyo hivyo. Kaseti zikauzwa zaidi ya milioni moja, kila moja kwa takriban dola 25. Mwenyewe alilipwa mshahara wa dola kama 22,000 kwa mwaka, bila asilimia ya mauzo, na jina lake halikuwepo kwenye boksi.

Ulikuwa utaratibu wa kampuni. Warner, kampuni ya filamu na muziki, walikuwa wameinunua Atari mwaka 1976, na mkurugenzi waliyemweka, Ray Kassar, alitokea kwenye biashara ya nguo. Waandishi wa programu aliwaona waajiriwa kama waajiriwa wengine. Majina yao yakijulikana, washindani watawanyemelea, au wao wenyewe wataanza kudai zaidi.

Na wakadai kweli. David Crane, Larry Kaplan, Alan Miller na Bob Whitehead walipiga hesabu wakaona gemu zao wanne zimechangia sehemu kubwa ya mauzo ya kaseti. Wakaenda kwa Kassar. Kwa maelezo ya Crane, waliambiwa hawana umuhimu kumzidi mfanyakazi wa kiwandani anayeunganisha kaseti. Mwaka 1979 wakaondoka, wakaanzisha Activision, na huko jina la mtunzi likaandikwa wazi, hata picha yake ikatiwa kwenye kijitabu cha maelekezo. Carol Shaw, mmoja wa wanawake wa kwanza katika kazi hii, naye alianzia Atari na baadaye akatengenezea Activision River Raid, gemu ya ndege ya vita inayoruka juu ya mto, ya mwaka 1982. Mto wake mrefu haukuhifadhiwa popote kwenye kaseti. Programu iliuzalisha kwa kanuni ya hesabu kadiri ndege inavyosonga, na kila ukianza upya mto ni uleule.

Robinett hakusubiri hayo. Alitia chumba chake kimyakimya, hakumwambia hata mfanyakazi mwenzake, akakabidhi kazi, akaacha kazi. Kampuni ilijua baadaye, kijana wa miaka 15 wa Salt Lake City alipowaandikia barua kuuliza habari za chumba hicho. Ilipopendekezwa maandishi yafutwe, Brad Stewart, aliyetakiwa kuifanya kazi hiyo, alisema akilazimishwa ataandika kwamba gemu imerekebishwa na Brad Stewart. Isitoshe, kutengeneza upya chipu ya kaseti kungegharimu karibu dola 10,000. Wakaacha. Steve Wright, mmoja wa wakubwa wa idara, akaona ni jambo la kuendelezwa: siri kama hizo ziwe kama mayai ambayo watoto wa kwao hufichiwa wakati wa Pasaka wayatafute. Howard Scott Warshaw, mtunzi mwingine wa Atari, alipotengeneza gemu ya Yars' Revenge, herufi za majina yake zilifichwa humo kwa ruhusa.

Wengi husema Robinett ndiye wa kwanza kuficha kitu. Si kweli. Mwaka 1977 Ron Milner alificha salamu yenye jina lake ndani ya Starship 1, gemu ya Atari ya kuchezea mitaani kwa sarafu. Iligundulika hadharani mwaka 2017, na Milner alipoulizwa inafunguliwaje, alikuwa ameshasahau.