Ukishazamia meli ya MV Dania, Mombasa, usiikimbilie treni ya Nairobi

Wazamiaji wengi wa Nairobi wanajua hupandi ndege mara tu baada ya kuzamia, lakini wanaamini treni ya SGR haina shida. Ina shida ileile. Hewa ndani ya ndege ya abiria kwa kawaida ni kama ya mahali palipo mita 1,800 hadi 2,400 juu ya bahari. Nairobi yenyewe iko karibu mita 1,700. Nitrojeni iliyobaki mwilini baada ya mbizi inaweza kutoka kama mapovu shinikizo la hewa likipungua, nayo haijali umepanda kwa chombo gani. Miongozo ya DAN, shirika la usalama wa wazamiaji, inasema usubiri angalau saa 12 baada ya mbizi moja, au 18 ukizamia mara kadhaa, na inahesabu kuanzia mwinuko wa mita 600. Treni ikifika Mtito Andei, njiani kwenda Nairobi, umeshaupita. Ushauri wangu ni saa 24, kwa hiyo zamia Jumamosi, Jumapili jioni upande treni.

Dania ilikuwa meli ya mifugo, ikazamishwa makusudi mbele ya Bamburi mwaka 2002. Imelala kwenye mchanga karibu mita 30. Pale palipokuwa mchanga mtupu, matumbawe na chaza wamepata chuma cha kushikilia, samaki wadogo wakapata maficho, nao chewa na mikunga wakawafuata.

Piga hesabu ya hewa kabla ya kushuka. Mtungi wa lita 12 wenye baa 200 (baa ni kipimo cha shinikizo) una lita 2,400. Toa baa 50 za akiba, zinabaki lita 1,800. Anayevuta lita 20 kwa dakika juu ya maji atavuta 80 kwenye mita 30, maana shinikizo huko ni mara nne: dakika 22, na kupanda kumo humo. Kwenye mita 15 anavuta 50, zinafika dakika 36. Anzia chini, umalizie sehemu za juu za meli.

Vyuma vya risasi vya kukuzamisha ulivyozoea kwenye bwawa havitoshi baharini. Ukiwa na kilo 90 pamoja na vifaa, ongeza takriban kilo 2. Kisha jipime: mtungi baa 50, koti la kuelea bila hewa, pumzi ya kawaida, maji yawe usawa wa macho.

Usishike chuma. Kuna samaki wa miiba ya sumu wanaofanana kabisa na kutu. Akikuchoma, loweka jeraha kwenye maji moto yasiyozidi nyuzi 45 kwa dakika 30 hadi 90, huku ukitafuta daktari. Ndani ya meli usiingie bila mafunzo yake: teke moja la mapezi linatibua tope, na mlango unapotea. Beba kifaa cha kukatia, maana mishipi ya wavuvi hunasa kwenye mabaki na haionekani mpaka ikushike mguu.